Kwa Nini Nilimchinjia Humadi

Nosy Be, nyumbani kwa mama mkwe

Dada yangu Mize,

Shikamoo. Marahaba yako naichukua mwenyewe kabla hujaitoa, maana najua Omari anapokusomea hapa umekaa barazani, uso umeukunja, kanga umeikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana, na huenda usiitoe. Nakuamkia hata hivyo. Wewe ndiye uliyenilea na hasira zako nazijua tangu sijaota meno. Mguu bado unakusumbua mvua zikikaribia? Na shemeji Faki, kile kikohozi cha alfajiri kimemwachia, au bado anaamsha majirani kabla ya mwadhini? Mie afya ipo. Mwili umepungua kidogo, ila kazi naifanya na chakula nakila.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule baharia wa Kojani. Salamu hukuniandikia hata moja. Umemwambia Omari aandike: "Makame, nimesikia umemchinjia ng'ombe mtu aliyemnyima mkeo jeneza. Ni kweli? Na mkono ulimpa?" Basi, hakuna zaidi. Nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena, na nikacheka peke yangu kwa sababu niliisikia sauti yako humo.

Ni kweli. Nilimchinjia. La mkono nitakujibu mwisho, na usimruhusu Omari arukie huko.

Nimekuja huku Nosy Be kwa sababu ya habari hiyohiyo. Nilitaka mama yake marehemu mke wangu Soa aisikie kutoka kinywani mwangu, si kwa watu wa sokoni. Hapa nina nafasi ya kukaa na kuandika. Maneno ya watu nitakuwekea kwa Kiswahili chetu, lakini ujue hayakusemwa hivyo. Huku husemwa Kimalagasi, na Wangazija wana chao, ambacho mtu wa kwetu akitega sikio hakimpotei. Kiswahili chenyewe wanacho wazee kidogo, kwenye sala na kwenye majina ya vitu vya chomboni. Mie nakisema peke yangu, ninaponoa kisu.

Nianze mbali kidogo, uvumilie. Ulevi wangu unaujua, uliletewa habari zake na kila baharia mwenye mdomo. Kisiwa hiki kina muwa mwingi, na kinywaji chake, toaka, kilikuwa karibu yangu kuliko maji. Mwaka ule wa kura ya ndiyo na hapana, kabla hawajapewa uhuru, watu wa kiwanda cha sukari waligawana. Mie mgeni, kura sina, hata kuulizwa sikuulizwa, lakini nilipigana kuliko wenye nchi. Asubuhi nilipigania ndiyo kwa kuwa wa ndiyo walikuja na chupa. Jioni nikapigania hapana, kwa sababu hiyohiyo. Meno yangu ya mbele yalibaki pale uwanjani na mpaka leo sijui yalitolewa na upande upi.

Soa alinikuta asubuhi yake nimelala chini ya mlangilangi. Alikuwa mchumaji wa maua ya manukato, na mti ule ulikuwa wa kwake kuuchuma. Akanisukuma kwa mguu. Akasema, "We Silamo, sogea, unalalia mshahara wangu." Silamo ndivyo wanavyotuita Waislamu huku. Nikasogea. Yaliyofuata uliyasikia: tulioana, akasilimu, na wewe ukanuna mwaka mzima kwa kuwa hukuombwa ushauri.

Aliyenitoa kwenye chupa ni yeye, pamoja na mzee mmoja wa Nosy Komba, Mzee Jao, aliyekuwa mchinjaji wa soko la hapa. Nilikwenda kumwomba kazi. Akanipa kisu, akasema, "Kinyooshe mbele yangu." Nikakinyoosha. Ncha ilikuwa ikicheza. Akakichukua polepole, akasema, "Mkono huu utamtesa mnyama. Ukitulia, rudi." Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Soa akanunua jiwe la kunolea. Kila kiu iliponijia alikuwa akiniwekea jiwe mapajani na kisu kibutu, akasema neno moja, noa. Basi ninanoa huku jasho linanitoka, huku nikimlaani yeye na jiwe lake. Hivyo ndivyo nilivyoijua kiu, dada. Inakuja na saa zake. Inakaa karibu yako kama rafiki, inakwambia uongo uleule wa jana, na usipoijibu inaondoka. Haijawahi kukaa siku kutwa. Hilo nililijua kwa kukaa nayo, maana vitabuni sikulisoma popote. Mkono ulipotulia nikarudi kwa Mzee Jao, naye akanifundisha.

Ufahamu kidogo kazi yenyewe, maana kisa chote kiko humo. Watu hudhani nyama huharibika mchinjaji asipolitaja jina la Mungu. Kulitaja ulitaje, lakini kwa mafunzo yetu ya chuo cha Kurani kazi iko shingoni. Koromeo ambalo mnyama hupumulia, na umio ambao hupitisha majani, vyote viwili vikatike sawasawa. Ukiacha uzi mmoja wa umio, mnyama anakufa vilevile, damu inaruka vilevile, na nyama ni mzoga. Mtazamaji haoni kitu. Baadaye unapotenga kichwa unaumalizia ule uzi, na siri unabaki nayo wewe. Kwa hiyo mchinjaji anabeba amana ya mji mzima. Na huku hata asiyeswali akifanya karamu humwita Silamo amchinjie, ili jirani yake Mwislamu asikae akila wali mkavu. Niliipenda desturi hiyo tangu siku ya kwanza.

Baada ya uhuru tulivuka bahari mpaka Ankify, upande wa bara, tukapanda lori, tukashuka Mahajanga kutafuta riziki pana zaidi. Tukapanga nyumba mtaa wa Tanambao. Kazi ikapatikana. Nilinunua mkokoteni wa kubebea nyama, Soa akaupaka rangi ya buluu, na nikawa nachinjia harusi, hitima na karamu za watu wa kila namna.

Ndipo siasa ikaingia mtaani kwetu. Wewe huko Pemba huhitaji kuelezwa. Wa serikali na wa upinzani, kila mmoja na kadi yake, duka lake, mkahawa wake. Vijana walikuwa wakinyweshwa toaka kabla ya mkutano, kisha wanaimba jina la bwana mkubwa ambaye hawajamwona hata kwa picha. Nikiwatazama nilikuwa nayaona meno yangu. Watu walidhani mimi ni mpole. Upole ningeutoa wapi, na sote wawili ni watoto wa mama mmoja? Nilikuwa macho tu, na mtu aliye macho hapigi kelele sana kwa sababu anaona mkono unaomimina.

Humadi alikuwa mkubwa wa upande mmoja pale Tanambao. Upande gani sikwambii, maana wangekuwa wengine yangekuwa yaleyale. Ni mfanyabiashara wa mbao, mtu wa asili ya Ngazija, ndevu za hina, sauti nzuri ya kusomea maulidi. Ufunguo wa chumba cha vitu vya msikiti, mikeka, masufuria na jeneza, ulikuwa mfukoni mwake. Alikuja kwangu na kadi.

"Makame, chukua hii."

"Mie mgeni, Humadi."

"Mgeni anakula hapa."

"Nakula ninachokifanyia kazi."

"Basi angalau usiwachinjie wale. Wana harusi Ijumaa. Kataa."

"Wameshaniita, nimeshakubali. Na wewe ukiniita nitakuja."

Akacheka. "Mimi sitakuita," akasema, akairudisha kadi mfukoni.

Nikaenda nikachinja harusi ile. Ijumaa ya pili yake, watu wametoka kuswali, Humadi akasimama mlangoni na ile sauti yake nzuri. Akasema kwamba Makame, mlevi wa Nosy Be, anaacha uzi wa umio makusudi. Kwamba upande ule umemlipa awalishe Waislamu wenzake mizoga. Mie nipo pale, viatu mkononi. Watu wakanitazama, kisha wakatazama chini. Tangu siku hiyo wa upande wake hawakununua nyama yangu, na wa upande wa pili nao wakaona wasijitie kwenye maneno. Kazi yangu akapewa binamu yake. Mie nikaanza kubeba magunia bandarini.

Hayo ningeyameza. Wallahi ningeyameza, nimeshameza makubwa zaidi.

Lakini Soa akashikwa na homa. Ilimchukua haraka. Asubuhi ananigombeza kwa kuwa nimeacha ndoo uani, adhuhuri hanijui. Alipofariki nikaenda kwa Humadi kuomba jeneza. Alikuwa anakula. Hakuinuka. Akasema, "Jeneza ni la watu wanaokula halali," akaendelea kula.

Nikarudi. Wanawake wa kumuosha hawakuja, waliogopa waume zao. Nilimuosha mwenyewe, sheria inaruhusu. Jirani mmoja alinirushia kipande cha sabuni juu ya ua bila kujionyesha. Nikausugua ule mkokoteni wa nyama kwa majivu mpaka rangi yake ya buluu ikabanduka, nikautandika mkeka, nikamlaza Soa wangu juu yake, na nikausukuma kutoka mlangoni kwetu mpaka makaburini. Alikuja mwalimu mmoja kipofu, akashika ubavu wa mkokoteni na kutembea nao. Kaburi walilichimba wavuta riksho wa kutoka kusini, watu wasiojua hata kuswali. Tanambao nzima ilikaa milangoni. Waliokula nyama ya mikono yangu harusini kwao waligeuza nyuso. Mwanamke ambaye alitangulia kuniamsha nikiwa si kitu, alizikwa kama mnyama aliyekufa njiani, kwa sababu ya kadi.

Sasa umenielewa kwa nini nilitaka kumuua? Nilitaka. Usiku wa kuamkia siku ya pili sikufikiria kitu kingine, nilisubiri kuche tu. Kulipokucha nikakifunga kisu kiunoni nikatoka. Njiani nikajikuta nimeingia kwa muuza toaka, na chupa iko mbele yangu, na sikumbuki kuiagiza. Miaka yote ile sikuwahi hata kuinusa. Nikaitazama. Nikakipapasa kisu. Na hapo, dada, nikatambua kwamba hasira ile ni kiu ileile niliyoizoea. Imekaa karibu yangu vilevile kama rafiki, inasema uongo uleule, kwamba nikishamaliza nitapumzika. Ningeijibu moja, nyingine ingeingia mlango huohuo. Nikaiacha chupa na kizibo chake, nikarudi nyumbani, nikalitafuta jiwe la Soa, nikanoa. Kisu kile leo ni chembamba mno, kimeliwa na jiwe.

Usidhani hasira iliondoka isirudi. Inarudi kila siku. Mie nanoa, inaondoka. Siku nyingine nilimwona Humadi akipita na fimbo yake ya fedha nikaomba Mungu amnyime usingizi, amnyime watoto wa kumshika mkono uzeeni, amwekee mchanga katika kila tonge. Dua hizo niliziomba nikiwa mkavu kabisa, sijaonja kitu. Sikuzionea haya na sizionei.

Mungu alijibu kwa namna yake. Humadi na wenzake walipopata vyeo wakaanza kugombania vyeo hivyo, na chama chao kikapasuka katikati. Binamu yake mchinjaji akaenda na nusu ya pili. Ikawa nyama wanayochinja hawa, wale hawali, na nyama wanayochinja wale, hawa hawaruhusu iingie kwao. Ulevi mtupu, ila haunuki. Katika hali hiyo mama yake Humadi akafa. Mazishi yalipita kwa vurugu, waliobeba jeneza wakisukumana nani atangulie. Mbele ikabaki hitima ya arubaini, ambayo huku ndiyo karamu kubwa, na isipoliwa na watu wote ni aibu kwa marehemu.

Akaja. Nilikuwa uani nafua shati. Akasimama kwenye ua, hakupita.

"Makame," akasema. "Kuna hitima ya mama."

"Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Nimewauliza pande zote nyama ya nani watakula." Akatazama fimbo yake. "Wametaja jina lako. Wanasema huna kadi ya mtu."

"Ulisema hutaniita."

"Nilisema." Akaikita fimbo chini. "Nakuita. Ujira wako utakuwa wowote utakaoutaja. Wallahi."

Nikamwambia nitakuja, na ujira tutasema siku hiyo. Nilikubali upesi mpaka akashangaa. Na wewe umenilaani kwa kukubali, lakini hukujua nilichokuwa nacho kichwani. Nilikuwa nimeshaamua. Nitamwachia uzi wa umio. Ng'ombe wa arubaini ya mama yake watakuwa mizoga, ataila mwenyewe kwa mkono wake, ataisomea Fatiha, ataipeleka kwa wakubwa wote wa Mahajanga, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi. Na mimi nitalijua mpaka nife. Nikawa nafurahi peke yangu barabarani. Tangu Soa afe sikuwa nimelala vizuri kama usiku ule.

Asubuhi ya arubaini uwanja ulijaa. Pande zote zilikuja, kila upande umesimama peke yake. Ng'ombe wa kwanza, dume la nundu kubwa, akaangushwa, akaelekezwa kaskazini kwenye kibla. Nikapiga goti, nikamshika kidevu. Humadi amesimama karibu, kanzu nyeupe, na macho yake hayakuniacha mkono. Nikayaona yale macho. Yalikuwa yanaogopa jambo hasa nililotaka kulifanya. Alikuwa analijua kwa sababu alilitunga yeye, mlangoni mwa msikiti, siku ile. Yaani uongo wake ulikuwa umekaa pale shingoni mwa ng'ombe unanisubiri niufanye kweli. Nikikata nilivyotaka, Humadi hakusema uongo, alisema mapema tu. Mimi ndiye mlisha mizoga. Soa ndiye mke wa mlisha mizoga, na jeneza alinyimwa kwa haki.

Na watakaokula bila kujua hawana dhambi, hilo nalo tulifundishwa chuoni. Yote ingebaki kwangu. Zamani nilikuwa nikifanya uovu nimelewa, asubuhi sikumbuki, watu wananisimulia. Huu ningeukumbuka, na hakuna ambaye angenisimulia.

Mkono wangu haukutetemeka. Nikalitaja jina la Mungu kwa sauti, wakanisikia mpaka wa nyuma kabisa. Nikakata mara moja, koromeo na umio. Kisha nikafanya jambo ambalo mchinjaji hafanyi. Nikamwita mzee mmoja wa kila upande, nikaifungua ile shingo, nikawaonyesha kwa ncha ya kisu. "Hili koromeo. Huu umio. Kuna uzi?" Wakainama, wakatazama. Wakasema hakuna. "Humadi," nikasema, "njoo na wewe utazame." Akaja. Akatazama. Nikamuuliza, "Kuna uzi?" Watu wote wa ile Ijumaa walikuwepo. Akasema, "Hakuna." Si kwa ile sauti yake nzuri.

Nikachinja wote vile, na kila shingo nikamwita atazame. Karamuni alikula, nakwambia mapema ili ufurahi, alikula mbele yangu, na kila aliyemsikia Ijumaa ile alikuwa akimtazama akitafuna. Lakini karamu si kitu. Niliyoyataka yalikuwa njiani.

Nyama ilipokwisha katwa akanijia. "Taja ujira wako," akasema mbele ya wote. "Wallahi nitautoa."

Desturi mchinjaji hupewa shingo na kipande cha ini. Nikamwambia sitaki shingo, sitaki ini, sitaki fedha. "Nyama hii uipeleke nyumbani kwako wewe mwenyewe. Kwa mkokoteni wangu."

Ule mkokoteni nilikuwa nimekuja nao. Umesimama pale, buluu imebanduka. Hakuna mtu wa Tanambao asiyejua mara ya mwisho ulibeba nini. Humadi akautazama. Alikuwa amekula kiapo, na pande zote zimesikia. Akavua koti lake la juu ya kanzu, akakunja mikono, akaushika.

Wanawe wakakimbilia kumsaidia. Nikawaambia, "Mwacheni. Mie niliusukuma peke yangu." Wakaacha.

Akasukuma. Mie natembea nyuma yake, kisu mkononi, damu haijakauka. Nilimpitisha njia ileile niliyompitisha Soa, si ya mkato. Ni mtu mzima, mbao hazibebi yeye, wapo wa kumbebea, na mkokoteni uliojaa nyama ni mzito. Nilimsikia akihema na nikafurahi, sikufichi. Milangoni watu walikuwa wamekaa, walewale, kwenye baraza zilezile. Walipouona mkokoteni na aliyeusukuma, wa kwanza akasimama. Kisha wa pili yake. Mtaa mzima ukainuka nyumba kwa nyumba, kimya, kama watu wanavyoinuka jeneza likipita. Kadi hakuna aliyekumbuka. Mwanamke mmoja alitoka na ndoo akaiweka chini, akajifunika uso kwa ushungi, na nikajua sabuni ilitoka kwa nani.

Pale kwenye kona ya bomba la maji mchanga ni mwingi. Gurudumu likazama. Akasukuma, likazama zaidi. Akajaribu kwa bega. Kanzu yake sasa ilikuwa na damu na vumbi, hina ya ndevu imelowa jasho. Hakugeuka kutafuta wanawe. Alinigeukia mimi.

"Hapa," akasema kwa sauti ya chini, "wewe ulifanyaje?"

Maana pale ndipo nami niliponasa na Soa. Alikuwa anaiona kona ile kutoka dirishani kwake siku ile, na hakusahau.

Nikamwambia, "Niliuzungusha, nikavuta kinyumenyume. Kwanza nilimwomba radhi kwa mtikisiko."

Humadi akauzungusha mkokoteni. Akaushika mikono yote miwili, akainama juu yake, uso karibu na mbao, na midomo yake ikaenda muda mrefu. Sikusikia alichosema. Aliyekuwa akiambiwa si mimi. Kisha akavuta kinyumenyume, ukatoka.

Hiyo ndiyo habari niliyomletea mama yake Soa. Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano ya kutarizi imesimama kitambaani, kisha akauliza kama mkokoteni ninao bado. Nikamwambia ninao. Akasema niupake rangi ile aliyoichagua mwanawe. Nikirudi nitaupaka.

Sasa la mkono. Sikumpa, na yeye hakunyoosha. Tulipofika kwake alichukua birika akanimiminia maji mwenyewe ninawe damu, na nikanawa. Basi. Sijamsamehe, Mize, na huenda nisimsamehe. Kila nikimwona kiu ile inakuja, nami naijua.

Na wewe, yule baharia ameniambia umeapa kwamba yule jirani yako mgonjwa akifa hutakanyaga mazishini kwake, kwa sababu ya upande wake. Kaeni na siasa zenu, lakini kwenda nenda. Sisemi uende kwa kuwapenda. Nenda wakuone, wakumbuke, na wakose la kukusingizia.

Nisalimie shemeji Faki na kikohozi chake. Nisalimie shangazi mwenye kuuza ubani, mwambie wa kwake bado ninao kidogo, mwingine niliutia katika sanda ya Soa. Mwalimu wangu wa chuo kama yu hai mshike miguu kwa niaba yangu, yale ya koromeo na umio yalinifaa. Omari msomaji mpe mkono, yeye anastahili. Mama mkwe wangu anakusalimu kwa Kimalagasi, na amekutumia kitambaa alichotarizi mwenyewe, kimefungwa pamoja na barua hii.

Ni mimi nduguyo, ambaye mkono haumtetemeki,

Makame